Yeye ni Daktari: Ufadhili wa Sayansi ya Data na Wasiokuwemo Darasani

Neno "yeye" halina jinsia. Ukisema "yeye ni daktari", anayekusikiliza hajui bado kama ni mama au baba, na wala hana haraka ya kujua. Mashine ya kutafsiri haina subira hiyo. Ikiingia kwenye Kiingereza inalazimika kuchagua, na inachagua kwa kufuata maandishi iliyolishwa: humo madaktari wengi ni wanaume na wauguzi wengi ni wanawake, basi nayo inaamua hivyo hivyo. Mwaka 2018 watafiti watatu wa chuo kikuu kimoja cha Brazil waliipima Google Translate kwa lugha 12 za namna hii, Kiswahili kikiwemo. Waliipa sentensi fupi za kazi moja baada ya nyingine, wakakuta inaelemea upande wa mwanamume, na inaelemea zaidi inapofika kwenye kazi za sayansi na teknolojia. Desemba ya mwaka huohuo Google ilitangaza kuwa sentensi za Kituruki zitaanza kuonyeshwa kwa tafsiri mbili, ya kike na ya kiume. Kiswahili hakikuwamo kwenye orodha hiyo ya kwanza.

Nimeanzia mbali kidogo kwa sababu nimechoka kusikia ufadhili wa masomo kwa makundi yaliyo machache vyuoni ukizungumzwa kama sadaka. Mimi ni mtu wa takwimu. Somo la kwanza tunalowafundisha wanafunzi ni kwamba sampuli ikiegemea upande, jibu nalo litaegemea, hata hesabu ziwe safi namna gani. Darasa linalotoa wachambuzi wa data nalo ni sampuli. Wakikaa humo vijana wa aina moja, waliolelewa mitaa inayofanana, kuna makosa ambayo hakuna hata mmoja wao atakayeyaona, kwa sababu hayajawahi kumkwaza.

Joy Buolamwini, aliyekuwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha MIT, mwenye asili ya Ghana, alianza utafiti wake baada ya programu ya kutambua nyuso kushindwa kuuona uso wake mpaka alipovaa kinyago cheupe. Mwaka 2018, yeye na Timnit Gebru, mzaliwa wa Ethiopia, wakachapisha matokeo ya kupima mifumo mitatu ya kampuni kubwa iliyokuwa ikikisia jinsia ya mtu kwa kutazama picha. Kwa wanaume weupe, kosa kubwa zaidi lilikuwa asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi lilifika asilimia 34.7, yaani takribani mmoja kati ya watatu. Mifumo hiyo ilikuwa tayari inauzwa. Aliyeifumania ni mtu ambaye kamera ilikuwa haimwoni.

Sasa twende England, maana huko serikali iliamua kulitilia fedha jambo hili la nani anaingia darasani, kwa mpango ulio wazi. Mwaka 2017 Wendy Hall, profesa wa Southampton, na Jérôme Pesenti waliiandikia serikali ya Uingereza ripoti juu ya kukuza sekta ya akili mnemba. Mojawapo ya mapendekezo yao lilikuwa kuanzisha shahada za uzamili za mwaka mmoja kwa watu waliosoma fani nyingine kabisa. Mwaka 2019 serikali ikatenga pauni milioni 13.5 kwa nafasi zipatazo 2,500, na ndani yake ufadhili 1,000. Kozi zikaanza mwaka 2020 chini ya Office for Students, chombo kinachosimamia vyuo vikuu vya England. Mwaka 2022 zikaongezwa pauni milioni 23 kwa ufadhili mwingine hadi 2,000. Kila ufadhili ulikuwa wa pauni 10,000, ukiwalenga wanawake, wanafunzi weusi, watu wenye ulemavu na wanaotoka katika familia za kipato cha chini. Waajiri nao waliombwa kuchangia, kwa kuwa wao ndio waliokuwa wakilia kila siku kwamba wachambuzi hawapatikani.

Watu wengi huishia kwenye zile pauni 10,000. Kwa maoni yangu, kilicho na uzito zaidi ni aina ya kozi yenyewe, ambayo nitaiita kozi ya kuhamia fani. Uzamili wa kawaida wa sayansi ya data humtaka mwombaji awe na shahada ya kwanza ya hisabati, takwimu, uhandisi au kompyuta. Sharti hilo linaonekana la kawaida tu, lakini ndilo linalochuja mapema kuliko yote. Msichana aliyeambiwa akiwa na miaka 15 kwamba hisabati si yake, akaenda kusoma sosholojia, anakuja kugundua akiwa na miaka 24 kwamba kazi anayoipenda inaitwa uchambuzi wa data. Ukimpa ufadhili wa kozi ambayo hawezi kudahiliwa, umempa tiketi ya basi lisilosimama kituo chake. Kozi ya kuhamia fani inampokea na shahada yake ya sosholojia, historia au uuguzi, inamrudisha kwenye aljebra na nadharia ya uwezekano, inamfundisha kuandika programu kwa lugha ya Python, kisha inampeleka kwenye ujifunzaji wa mashine na kumalizia na mradi wa utafiti. Na uuguzi wake haupotei njiani. Aliyewahi kujaza faili za wagonjwa zamu ya usiku anajua kwa nini safu fulani ya jedwali huwa tupu. Mwanahisabati atadhani data imepotea. Muuguzi anajua kwamba saa zile hakukuwa na mtu wa kuandika.

Kuhusu fedha, kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui. England, mwanafunzi wa shahada ya kwanza hupata mkopo wa ada na mwingine wa kujikimu. Akifika uzamili anapewa mkopo mmoja tu. Kwa kozi zilizoanza mwaka 2023/24 ulikuwa na kikomo cha pauni 12,167, nao ndio alipie ada, chumba, nauli na chakula. Ada ya sayansi ya data pekee huweza kuumeza wote. Mwenye wazazi wenye uwezo hajali. Asiye nao hurudi kazini, na shahada inabaki kuwa mpango wa mwakani.

Lipo pia jambo linalowagusa Waswahili wa Leicester na London, na ndugu zao Wasomali, ambalo takwimu za serikali haziligusi vizuri: mikopo hiyo ina riba. Familia nyingi za Kiislamu huikwepa. Serikali ilikusanya maoni juu ya mkopo usiokwenda kinyume na sharia mwaka 2014, na sheria ya elimu ya juu ya mwaka 2017 ikaufungulia njia, lakini miaka ikapita bila mwanafunzi hata mmoja kuupokea. Kwa kijana anayeogopa riba, pauni 10,000 zisizorudishwa huweza kuwa ndiyo njia pekee iliyopo. Ndiyo maana nasema kipimo cha ufadhili kisiwe tu idadi ya waliochukua. Waulizwe pia: bila fedha hizi, mngekuwa wapi?

Huwa naulizwa kama si ubaguzi kuwatengea fedha weusi au wanawake. Sheria ya Usawa ya mwaka 2010 ya Uingereza, kifungu cha 158, inaruhusu taasisi kuchukua hatua kwa ajili ya kundi lenye vikwazo au lenye watu wachache mno katika shughuli fulani, mradi hatua hiyo ilingane na tatizo lenyewe. Hairuhusu kumpitisha mtu asiyestahili. Mwombaji wa ufadhili huu alidahiliwa kwanza kwa sifa zake kama mwingine yeyote. Fedha zilikuwa hatua ya pili. Marekani upepo umegeuka. Juni 2023 Mahakama ya Juu ya huko ilikataza vyuo kuzingatia rangi katika udahili, na tangu hapo vyuo kadhaa vimebadili maneno ya ufadhili wao, vikaacha kutaja rangi, vikataja badala yake kipato au kuwa mtu wa kwanza katika familia kufika chuo. Anayetafuta ufadhili wa Marekani asitegemee tangazo la miaka mitano iliyopita.

Mpango wa England nao ulikuwa na kasoro. Mwaka mmoja ni mfupi mno kwa mtu aliyeachana na hisabati miaka kumi nyuma. Nimeona vijana wakihitimu wakiwa hodari wa kuita maktaba za programu, lakini ukiwauliza kwa nini modeli imetoa jibu lile, wanatazamana. Kasoro ya pili: ufadhili humleta mtu darasani lakini haumsindikizi hadi ofisini, na huko ndiko mashine zinakoundwa. Wenzake wana wajomba kwenye kampuni. Yeye ana cheti. Ningekuwa mimi ninayegawa fedha hizo, ningepunguza kidogo idadi ya wafadhiliwa, zinazobaki zikalipie miezi mitatu ya hisabati kabla ya kozi na mafunzo ya kazini yenye malipo baada yake. Najua wanasiasa hupenda idadi kubwa.

Halafu kuna wasomaji wa Dar es Salaam, Mombasa na Bujumbura, ambao huenda wamekwisha kuanza kupiga hesabu ya pauni. Ufadhili ule wa England ulikuwa wa wanaolipa ada ya wakazi. Mwanafunzi anayetoka Tanzania moja kwa moja haukumhusu. Kwake, huko Uingereza upo ufadhili wa Chevening, unaomtaka awe na uzoefu wa kazi wa walau miaka miwili, na uko ufadhili wa Jumuiya ya Madola uitwao Commonwealth Shared Scholarships, uliowekwa mahususi kwa wasioweza kujilipia.

Lakini kabla ya ubalozi, tazama Kigali. African Institute for Mathematical Sciences, AIMS, ilianzishwa mwaka 2003 na mwanafizikia Neil Turok huko Muizenberg, kitongoji cha Cape Town, na ilifungua kituo cha Rwanda mwaka 2016. Uzamili wake huja na ufadhili wa ada, malazi, chakula na nauli. Mwaka 2018 hapo Kigali ilianza shahada ya uzamili ya ujifunzaji wa mashine iitwayo AMMI, iliyobuniwa na Moustapha Cissé, Msenegali, kwa fedha za Google na Facebook. Chuo Kikuu cha Rwanda nacho kina kituo cha umahiri cha sayansi ya data kilichojengwa kwa msaada wa Benki ya Dunia. Katika madarasa hayo neno "wachache" linabadilika maana. Mwafrika si mchache tena. Mchache ni msichana, ni kijana wa shule ya kata ambaye hakuwahi kugusa kompyuta, ni asiyeona anayehitaji programu ya kumsomea skrini. Nafasi ni chache na hisabati yake haina mzaha. Sosholojia peke yake haitakuingiza AIMS, na hilo nalihesabu kuwa pengo: Afrika Mashariki ingefaidika sana na kozi ya kuhamia fani ya kwake yenyewe.

Ukiamua kuomba popote, usiijaze barua yako machozi. Kamati hazipimi shida, zinapima mtu aliyeifahamu shida yake vizuri kiasi cha kuieleza kwa data. Kama umelelewa kwa muuza samaki, tueleze daftari lake la madeni lilivyopangwa, lilikuwa linakosa nini, na wewe ungelipangaje. Kama huna hisabati ya karibuni, soma aljebra mstari na takwimu za msingi sasa, uandike umesoma nini na wapi ulikwama. Na kwa ufadhili wowote wa Uingereza, kabla ya kujaza hata mstari mmoja, mwandikie ofisa udahili umuulize mambo mawili: mimi kwa upande wa ada ni mkazi au mgeni, na fedha hizi zinakatwa kwenye ada au zinaingia mkononi, kwa awamu ngapi? Majibu yake yawe kwa maandishi, uyahifadhi.