Frasila Mbili Begani: Hesabu ya Mzigo katika Njia ya Misafara ya Tabora

Kabla ya reli ya kati kufika Tabora mwaka 1912, karibu kila kitu kilichotoka Bagamoyo kwenda Unyamwezi, na kila pembe ya ndovu iliyoteremshwa pwani, kilipita juu ya mwili wa mwanadamu. Punda walijaribiwa, na ng'ombe pia, lakini katika sehemu nyingi za njia mbung'o waliwaambukiza wanyama hao ugonjwa wa nagana, wakafa kabla ya kufika. Magurudumu hayakuwa na barabara. Alibaki mpagazi, na elimu kubwa ya biashara ile ilikuwa kujua ni uzito gani aubebe, kwa siku ngapi, na kwa chakula kiasi gani.

Jibu lililopatikana kwa uzoefu wa miaka mingi lilikuwa frasila mbili. Frasila moja ya Unguja ilikuwa na ratili 35 hivi, yaani karibu kilo 16. Kwa hiyo mzigo wa kawaida ulikuwa kiasi cha kilo 32. Henry Morton Stanley, alipokuwa akijitayarisha kuondoka Bagamoyo mwaka 1871 kumtafuta Livingstone, alikuwa na shehena ya ratili 11,000, karibu kilo 5,000. Aliambiwa kwamba mtu mmoja asipewe zaidi ya ratili 70, naye akaona kwamba angehitaji watu wanaokaribia 160. Nguo ilifungwa kuwa robota refu lililokazwa kwa vijiti, ushanga ulitiwa katika mifuko, na waya wa shaba nyeupe ulikunjwa mafundo na kuning'inizwa kwa mzegazega, yaani kwenye ncha mbili za mti uliolazwa begani. Wanyamwezi aghalabu walibeba begani. Watu wa pwani walipendelea kichwani. Juu ya mzigo huo mpagazi aliongeza vyake mwenyewe: mkeka, chungu, silaha, na posho ya siku chache.

Kwa nini iwe mbili, isiwe moja wala tatu? Swali hili laweza kujibiwa leo kwa hesabu. Mwaka 1977 wataalamu wa utafiti wa jeshi la Marekani, wakiongozwa na Pandolf, walitangaza kanuni ya kukadiria nishati anayotumia mtu anayetembea na mzigo. Kanuni hiyo hutazama uzito wa mtu, uzito wa mzigo, mwendo, mwinuko na hali ya ardhi. Achukuliwe mtu wa kilo 60 anayekwenda kilometa 4 kwa saa kwenye njia tambarare na ngumu. Asipobeba kitu, mwili wake hutumia karibu wati 200. Akibeba frasila moja, hutumia wati 240. Akibeba mbili, wati 310. Akibeba tatu, wati 425.

Tarakimu hizi zastahili kutazamwa kwa utulivu, maana siri ya jambo imo katika tofauti zake. Frasila ya kwanza inamgharimu mpagazi wati 40. Ya pili inamgharimu 70. Ya tatu inamgharimu 115. Uzito ni ule ule, lakini bei yake hupanda kila unapoongezwa. Sababu ni kwamba mzigo mkubwa hauhitaji tu kusukumwa mbele: misuli ya mgongo, shingo na tumbo hulazimika kukaza muda wote ili mwili usipinde wala kuyumba, na kazi hiyo haisogezi shehena hata hatua moja.

Tajiri mwenye tamaa angeweza kupinga kwa hesabu ile ile. Wati 425 zikigawanywa kwa frasila tatu ni kama 142 kwa kila frasila, hali wati 310 zikigawanywa kwa mbili ni 155. Basi mtu mmoja mwenye frasila tatu ni rahisi kuliko watu wenye mbili mbili! Hoja hiyo ni kweli kwa saa moja. Uongo wake hudhihirika katika siku ya sitini.

Posho ya desturi ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka kwa siku, kiasi cha gramu 680. Nafaka hiyo, ikiwa mtama au mahindi, hutoa kama kilokalori 2,400. Tuseme mpagazi anatembea saa 5 kila siku ya mwendo, na saa 19 zilizobaki, za kulala, kupika na kujenga kambi, anatumia wastani wa wati 90. Mwenye frasila mbili atahitaji karibu kilokalori 2,800 kwa siku. Mwenye tatu atahitaji 3,300. Wa kwanza anapungukiwa na 400, wa pili na 900. Upungufu huo hulipwa na mafuta na misuli ya mwili, ambapo kilo moja ya mafuta ina thamani ya kilokalori 7,700 hivi. Kwa siku 60 za mwendo, wa kwanza amepoteza kilo 3. Wa pili amepoteza kilo 7, zaidi ya sehemu ya kumi ya mwili wake, na hapo homa ya kwanza itakayomkuta njiani haitakuwa na mpinzani. Mtu huyo asipoanguka hatafika na mzigo, na akianguka, frasila zake tatu zitagawanywa mabegani mwa wenzake.

Chakula chenyewe kina uzito, na hapa ndipo hesabu inapokuwa kali zaidi. Mwanafunzi aliyekwisha kusoma mfululizo wa jiometri anaweza kujaribu kuuandaa msafara wa watu 157 unaojibebea chakula chake chote kwa siku 90, ambao ni muda unaokaribia ule alioutumia Stanley kutoka Bagamoyo hadi Unyanyembe. Kila mtu atakula kilo 61. Watu 157 watakula kilo 9,600 na zaidi, zinazohitaji wapagazi 300 wa kuzibeba. Lakini hao 300 nao wanakula, na chakula chao kinahitaji wapagazi 570 na ushei, ambao nao wanakula. Kwa kuwa kila mtu hula karibu mara mbili ya anachoweza kubeba, mfululizo hauishi kamwe: watu wa Afrika nzima wasingetosha kuupeleka msafara huo Tabora.

Kwa safari ya siku 40 mfululizo una kikomo, lakini ni kikomo cha kutisha, watu 1,047. Kwa nyika ya siku 10 watu 200 hutosha, yaani nyongeza ya 43 tu. Ndiyo sababu njia ya misafara haikunyooka kama rula. Ilifuata visima na mashamba. Ilipita Ugogo, ingawa watawala wa huko walitoza hongo nzito, kwa sababu Ugogo kulikuwa na maji na nafaka ya kununua kabla ya kuingia Mgunda Mkali, ile nyika iliyotenga Ugogo na Unyamwezi. Katika vipande visivyo na maji msafara ulifanya terekeza: uliondoka mchana, ukatembea hata usiku, ukalala bila maji, ukafika kisimani asubuhi ya pili. Na mji wa Tabora wenyewe, ambao wageni wa zamani waliuita Kazeh, ulikuwa mahali pa kupumzikia, kununua chakula na kubadili wapagazi kabla ya kuendelea Ujiji au kaskazini. Richard Burton alifika hapo tarehe 7 Novemba 1857, siku ya 134 tangu kuondoka pwani, baada ya mwendo aliouhesabu kuwa maili 600. Huo ni wastani wa kilometa 7 tu kwa siku, vituo vikiwamo. Wengi wamewacheka wasafiri hao kwa uzito wa mwendo wao. Waliosoma hesabu ya kibaba hawawezi kuwacheka.

Ni kweli kwamba kanuni ya mwaka 1977 ilitokana na askari waliobeba mifuko mgongoni, wala haimjui mtu aliyezoea. Burton aliandika kwamba watoto wa Unyamwezi walianza kubeba vipembe vidogo wangali wachanga. Mwaka 1986 Maloiy wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wenzake walitangaza matokeo yaliyowashangaza wengi: wanawake wa Kikikuyu na Kijaluo waliopimwa waliweza kubeba mzigo unaofikia asilimia 20 ya uzito wao bila kutumia nishati zaidi ya ile ya kutembea mikono mitupu. Mwaka 1995 ilielezwa namna inavyowezekana. Mwili unaotembea huinuka na kushuka kama pendulamu iliyopinduliwa, ukibadili kimo kuwa mwendo na mwendo kuwa kimo. Wanawake hao, wakiwa na mzigo, walipoteza nishati kidogo zaidi katika mabadiliko hayo. Uchunguzi wa Afrika Kusini uliotangazwa mwaka 2010 ulionyesha kwamba watu hutofautiana sana, na kwamba si kila aliyezoea hupata nafuu hiyo. Hata hivyo, kwa mpagazi wa kilo 60, asilimia 20 ni kilo 12. Frasila mbili ni zaidi ya asilimia 50, na huko hakuna mzigo wa bure kwa mtu yeyote.

Inafaa kulinganisha elimu hii na kanuni za michezo inayopendwa leo na vijana, ambamo mchezaji huongoza mhusika mwenye sifa zilizoandikwa kwa tarakimu: nguvu, wepesi, ustahimilivu, akili na nyinginezo. Mchezo wa Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974, ndio mama wa mingi kati yake. Watungaji wake walikabiliwa na swali la tajiri wa Bagamoyo. Kama vifaa havina uzito, kila mhusika atabeba kila kitu, na hakuna atakayejali kuwa na nguvu. Ndipo sifa moja inapokosa thamani na mizani ya mchezo kupotea. Kwa hiyo uzito hutiwa ili nguvu iwe na bei.

Katika kanuni za mchezo huo za mwaka 2014, mtu wa kawaida mwenye nguvu 10 hubeba ratili 150, yaani kilo 68, bila kupunguza mwendo. Mpagazi yeyote wa Unyamwezi angeuliza ni nani aliyeipima. Ipo kanuni ya hiari iliyo karibu zaidi na ukweli: akizidi ratili 50, ambazo ni kilo 23, mwendo wake hushuka kutoka futi 30 hadi 20 kwa zamu, na akizidi ratili 100 hushuka tena. Lakini hiyo ni ngazi, hali mwili ni mlima. Kati ya kilo 23 na kilo 45 mchezaji halipi chochote kwa kila kilo anayoongeza, basi mwerevu atajaza mpaka 45 kamili. Njiani hakuna kidato cha namna hiyo. Kila kilo hulipwa, na ya mwisho hulipwa zaidi. Katika posho mchezo umekuwa na huruma kuliko historia: chakula cha siku moja hupewa uzito wa ratili 2, na kibaba kilikuwa ratili moja na nusu.

Reli ilipofika Kigoma mwaka 1914 hesabu hii ilielekea kusahauliwa, kumbe vita iliyoanza mwaka huo huo iliirudisha. Majeshi ya Uingereza, Ujerumani na Ubelgiji yalilishwa na wapagazi kila yalipoacha reli, na mfululizo ule ule ukafanya kazi yake: kadiri jeshi lilivyokwenda mbali, ndivyo wabebaji walivyokula sehemu kubwa zaidi ya walichobeba, na posho ikapunguzwa. Makumi ya maelfu yao walikufa kwa maradhi na njaa. Jina la Kariakoo, Dar es Salaam, linatokana na kikosi chao upande wa Waingereza.

Shule yoyote inaweza kuipima bei ya uzito kwa saa yenye mshale wa sekunde, mfuko imara na mchanga. Mwanafunzi mwenye afya njema apumzike dakika 5 na mapigo ya moyo wake yahesabiwe. Atembee meta 400 kwa mwendo usiobadilika, mapigo yahesabiwe mara anaposimama. Baada ya kupumzika hadi mapigo yarudi chini, arudie na mzigo wa kilo 4, kisha kilo 8, mwalimu akihakikisha kwamba mzigo hauzidi sehemu ya tano ya uzito wake. Matokeo ya darasa zima yachorwe katika grafu moja, uzito kwa asilimia ya mwili ukiwa mstari wa chini, na waliozoea kuchota maji kwa ndoo kichwani wawekewe alama tofauti na wale wasiozoea.