Mlango wa Maktaba na Neno la Mpakani

Zamani msomaji wa maktaba ya chuo kikuu alionyesha cheti mlangoni, akapita. Siku hizi majarida mengi ya kitaaluma hayamo rafuni, bali yamo katika kanzidata zilizo mbali, kama JSTOR, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995. Mara nyingi chuo hakimiliki nakala. Hupata ruhusa tu ya wasomaji wake kusoma. Hata hivyo swali la mlangoni ni lile lile: huyu ni nani, naye ni wa wapi? Ziko njia tatu za kulijibu.

Ya kwanza ni mahali. Kompyuta zilizomo katika mtandao hutambulikana kwa anwani za tarakimu, na chuo humpa mwenye kanzidata orodha ya anwani zake. Ombi likitoka katika anwani hizo, mlango hufunguka pasipo kuuliza jina. Ndiyo sababu mwanafunzi husoma makala bila taabu akiwa maktabani, lakini akifika nyumbani makala hiyo hiyo humdai malipo.

Ya pili ni wakala. Msomaji aliye mbali huanzia katika ukurasa wa maktaba, akaandika jina lake na nywila. Seva ya maktaba ikisha kumtambua, hupeleka ombi kwa niaba yake, na kanzidata huona anwani ya chuo. Ndivyo ifanyavyo EZproxy, programu iliyotungwa mwaka 1999. Anayeiendea kanzidata moja kwa moja huwa amempita wakala, wala nywila yake ya chuo haimfai kitu.

Ya tatu ni dhamana. Kanzidata humwuliza msomaji chuo chake, ikamrudisha huko. Chuo humthibitisha, na nywila haivuki mpaka wa chuo. Programu moja mashuhuri ya kazi hii, iliyotolewa mwaka 2003, huitwa Shibboleth, jina lenye mafunzo kwa mwanaisimu. Katika Biblia, kitabu cha Waamuzi, sura ya 12, Wagileadi walishika vivuko vya Yordani, wakamtaka kila mpitaji atamke neno hilo. Mwefraimu alitamka s mahali pa sh, akauawa. Jumla ya waliokufa yatajwa kuwa 42,000. Maana ya neno haikuulizwa. Sauti peke yake ilitosha.

Tofauti yafaa kuangaliwa. Neno la Yordani halikuwa siri: ulimi ndio uliomfichua mtu, na ulimi hauazimwi. Nywila huazimwa, nayo humtambulisha yeyote aishikaye. Hapo ndipo kuingia kunapogeuka kuwa kuingilia. Mwizi wa nywila akipakua maelfu ya makala kwa jina la mwingine, mchapishaji huona anwani ya chuo tu, naye aweza kukifungia chuo kizima. Basi kutoka ni sehemu ya kuingia, hasa katika kompyuta inayotumiwa na wengi.

Amebaki mhitimu. Jina lake likifutwa, wakala hamjui wala chuo hakimdhamini, hata kama makala aitakayo yahusu lugha yake mwenyewe. Lakini mikataba mingi huruhusu mgeni kusoma akiwa ndani ya maktaba. Kwake yeye, njia kongwe ya mahali ndiyo iliyo wazi: aende kwa miguu, aulize mkutubi.