Mtoto anaenda kusoma Uingereza? Piga hesabu upya

Wazazi wengi wanaouza kiwanja au kukopa ili mtoto akasome uzamili Uingereza hupiga hesabu hii: mwaka mmoja wa masomo, miaka miwili ya kazi, deni limekwisha. Hesabu hiyo imepitwa na wakati.

Muda wa kubaki

Hadi sasa, aliyehitimu shahada ya kwanza au ya uzamili ameweza kuomba kubaki miaka 2 akifanya kazi. Atakayeomba kuanzia Januari 1, 2027 atapewa miezi 18. Wenye shahada ya uzamivu wanaendelea kupata miaka 3. Kinachoangaliwa ni tarehe ya kuomba, si ya kuanza masomo. Kwa hiyo anayeanza Septemba 2026 sheria hii inamgusa.

Wakati wa muhula, mwanafunzi wa shahada haruhusiwi kufanya kazi zaidi ya saa 20 kwa wiki. Usipange ada ya muhula wa pili itoke kwenye kibarua.

Pesa za benki

Mbali na ada, mwombaji huonyesha pesa za kujikimu za hadi miezi 9. Tangu Novemba 2025 kiwango ni pauni 1,529 kwa mwezi akisoma London, na pauni 1,171 nje ya London. Kwa miezi 9 ni pauni 13,761 au 10,539. Kuna pia mchango wa huduma ya afya, pauni 776 kwa mwaka, unaolipwa wakati wa kuomba viza.

Hapa ndipo familia nyingi hukwama. Pesa hizo lazima zikae kwenye akaunti siku 28 mfululizo bila kushuka chini ya kiwango, hata siku moja. Tena akaunti iwe ya mwanafunzi mwenyewe, ya mzazi au mlezi wake wa kisheria, au ya mwenzi wake. Fedha zilizo kwenye akaunti ya mjomba, shangazi au kaka hazihesabiwi, hata kama ameahidi mbele ya ukoo mzima. Anayetaka kusaidia azihamishe mapema, ndipo siku zianze kuhesabiwa. Akaunti ikiwa ya mzazi, ambatanisha cheti cha kuzaliwa cha mtoto na barua ya kuridhia.

Mke, mume na watoto

Kwa kozi zilizoanza Januari 1, 2024 na kuendelea, mwanafunzi wa uzamili wa kawaida wa darasani haruhusiwi kwenda na mwenzi wala watoto. Nafasi hiyo imebaki kwa wa uzamivu, wa shahada za utafiti, na wanaofadhiliwa na serikali kwa kozi inayozidi miezi sita. Kama binti yako ana mtoto mdogo, amueni sasa nani atabaki naye, kwa muda gani na kwa gharama ya nani. Bibi asishtukizwe wiki ya safari.

Kabla hujauza chochote

Kaeni na kijana wenu mjibu maswali matatu. Akirudi nyumbani mara tu baada ya kuhitimu, deni litalipwa na nani? Shahada hiyo itamsaidia kupata kazi hapa? Na viza ikikataliwa, chuo kitarudisha kiasi gani cha malipo ya awali?

Viwango hubadilika, hivyo hakikisheni kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza wiki mnayoomba, si kwa wakala peke yake. Kama majibu yote matatu yanategemea kazi ya ughaibuni, subirini kwanza kuuza kiwanja.