Wasifu wa Mwanachuo: Kila Mstari Uwe na Shahidi

Ndugu msomaji, siku moja baada ya Sala ya Alasiri alitujia kijana wa mwaka wa mwisho chuoni, akatuomba tuwe miongoni mwa wadhamini wake katika maombi ya kazi. Tulipousoma wasifu wake, tukakuta ameandika kwamba alikuwa mtunza hazina wa jumuiya ya vijana msikitini kwa miaka miwili. Jumuiya hiyo tunaijua, na hesabu zake tulikuwa tukizikagua sisi wenyewe. Tukamuuliza: “Mwanetu, wakitupigia simu, tuseme nini?” Akainamisha kichwa, akajibu: “Sheikh, wenzangu wamejaza kurasa. Mimi sina cha kuandika.”

Wasifu ni ushahidi ambao mtu anautoa juu ya nafsi yake. Matangazo ya kazi za serikali nchini Tanzania humtaka mwombaji aambatishe maelezo binafsi yanayojitosheleza pamoja na majina ya wadhamini watatu wa kuaminika, na humwonya kuwa taarifa za kughushi zitamfikisha mbele ya sheria. Si onyo tupu. Mwezi wa Aprili 2017, uhakiki wa vyeti ulibaini watumishi wa umma 9,932 wenye vyeti vya kughushi, wakaondolewa kazini. Uongo wa siku moja uliwasubiri, hata ukawakuta wakiwa na familia za kulisha.

Huenda mwingine akauliza: je, kujieleza si kujisifu? Nabii Yusuf, amani iwe juu yake, alimweleza mfalme wa Misri kwamba yeye ni mtunzaji na mjuzi, akaomba akabidhiwe hazina za nchi. Lakini tutazame utaratibu wake. Kabla ya kutamka hayo alikwisha kuifasiri ndoto ya mfalme na kuonesha namna ya kuweka akiba katika miaka saba ya neema kwa ajili ya miaka saba ya njaa. Kazi ilitangulia, maneno yakafuata.

Basi tukamuuliza kijana wetu likizo zake alizitumiaje. Ikadhihirika kuwa alikuwa akitunza daftari la mauzo na madeni katika duka la shangazi yake, na akiwafundisha watoto wa madrasa hisabati. Hayo yote hakuyaandika, kwa kuyadharau. Tukamwelekeza asiandike “nilisaidia dukani”, bali aeleze alifanya nini, wapi, kwa muda gani, na ni nani anayeweza kuthibitisha.

Kwa wale walio mwaka wa kwanza, tunawanasihi waanze sasa. Kila mmoja awe na daftari la kuandika kila jukumu alilobeba na tarehe zake. Amalizapo mafunzo kwa vitendo, aombe barua ya msimamizi wake kabla hajaondoka, kwani msimamizi huhamishwa na kumbukumbu hupotea. Amwombe ruhusa mdhamini kabla ya kuandika jina lake. Barua pepe yake iwe na jina lake halisi, si jina la utani, na namba ya simu iwe inayopatikana. Kurasa mbili zinamtosha anayeanza, na wasifu huo aupange upya kwa kila kazi anayoiomba, akitanguliza yale yanayohusiana nayo.

Nasi wazee tuna deni. Ni mara ngapi tumewaweka vijana wapange viatu na kutandika mikeka, huku hesabu na mipango tukiishika wenyewe? Kijana asiyepewa amana ataandika nini? Tuwakabidhi kazi za kweli, tuwakague, na wakifanya vyema tuwape barua.

Kijana yule aliufuta mstari ule mbele yetu, akaandika mingine miwili mahali pake. Ndipo tukaridhia jina letu liandikwe chini yake.

Wabillahi tawfiq.