Baruti Nayo ni Sehemu ya Mashine

Msomaji mmoja ameuliza kwa nini washindani wa kulenga shabaha wa Marekani, nchi ambayo viwanda vyake hutoa risasi kwa mamilioni, hukaa mezani usiku wakijaza risasi zao wenyewe, moja moja. Jibu linalotolewa siku zote ni kwamba hivyo ni nafuu, na kwamba risasi ya kujaziwa mezani hupiga mahali pamoja kwa uhakika zaidi. Unafuu nauacha, maana hiyo ni hesabu ya dukani. Hilo la pili ndilo lenye sayansi, ila maelezo yake ya kawaida, kwamba siri yote iko kwenye kupima baruti kwa mizani nyeti, hayatoshi. Na kwa bunduki ya nusu-otomatiki yanapotosha. Katika bunduki ya aina hiyo baruti inastahili kuhesabiwa pamoja na bolti na springi, kama sehemu ya mashine. Anayejaza risasi zake huwa anachagua kipuri, na kiwanda kinachouzia bunduki zote za dunia hakiwezi kumchagulia.

Tuiangalie M1 Garand, iliyobuniwa na John Garand, mzaliwa wa Kanada aliyefanya kazi katika karakana ya silaha ya serikali huko Springfield, Massachusetts, na kukubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Hadi leo watu hushindana nayo Camp Perry, Ohio, kando ya Ziwa Erie, ambako mashindano ya taifa yalianza kufanyika mwaka 1907. Katika raundi za haraka za mchezo huu mshindani hufyatua risasi 10 ndani ya sekunde 60 kutoka yadi 200, na sekunde 70 kutoka yadi 300, muda wa kujaza upya ukiwa ndani yake. Kwa hiyo bunduki lazima itoe ganda na kuingiza risasi mpya yenyewe, na Garand hufanya hivyo kwa kuiba gesi kidogo. Chini ya mtutu, kama sentimita 4 kabla ya mdomo wake, kuna tundu lenye upana wa milimita 2 hivi. Kichwa cha risasi kikishalipita, gesi inayokifuata hushuka tunduni, husukuma fimbo ndefu iliyolala chini ya mtutu, na fimbo hiyo hurudisha bolti nyuma. Kwa mwendo wa zaidi ya mita 800 kwa sekunde, kichwa cha risasi huzimaliza sentimita zilizobaki katika muda wa takriban sehemu moja ya elfu ishirini ya sekunde. Kikitoka, mtutu uko wazi na gesi inatawanyika. Uhai wa mashine nzima unategemea kanieneo iliyopo pale tunduni katika kitambo hicho. Wengine husema shinikizo, lakini nalipenda hili neno la vitabu vya sekondari, kani juu ya eneo, kwa sababu hapa eneo lenyewe linaonekana: kijitundu cha milimita mbili.

Sasa, kanieneo hiyo hupangwa na nini? Hupangwa na umbo la chembe ya baruti, na hapa ndipo fundi wa kemia alipofanya kazi ya mwanahesabu. Baruti isiyo na moshi, ambayo Paul Vieille aliitengeneza Ufaransa mwaka 1884 kwa naitroselulosi, hailipuki kwa mpigo mmoja kama wengi wanavyodhani. Huungua, na huungua kutoka kwenye uso wake kwenda ndani, tabaka baada ya tabaka. Gesi inayotoka kila nukta hutegemea ukubwa wa uso unaowaka, na uso hutegemea umbo. Aliyewahi kupikia jiko la maranda anaijua kanuni hii. Kopo hushindiliwa maranda kuizunguka chupa iliyosimamishwa katikati. Chupa ikichomolewa hubaki shimo, na moto huwashwa kutokea chini. Mwanzoni shimo ni jembamba na moto ni mdogo. Kadiri kuta zinavyoungua shimo linapanuka, uso wa kuwaka unaongezeka, na sufuria iliyokuwa inanung'unika inaanza kutokota. Bonge la maranda hayohayo, likishikamanishwa bila shimo na kuwashwa kwa nje, hufanya kinyume: huanza kwa moto mkubwa, kisha linasinyaa na moto unasinyaa nalo. Sasa livue jiko kopo lake, moto uwake nje na ndani kwa pamoja. Kwa kila milimita inayoliwa upande wa nje, mzingo wa nje hupungua milimita 6.28, kwa kila milimita inayoliwa shimoni, mzingo wa ndani huongezeka milimita 6.28 zilezile. Kinachopotea nje hurudishwa ndani. Jumla ya uso haibadiliki mpaka ukuta uishe, na ukuta ukiisha moto unakatika karibu kila mahali kwa wakati mmoja.

Ndivyo zilivyo chembe za baruti nyingi za bunduki za shabaha. Ukizimwaga kiganjani utaona vijiti vifupi vya kijivu cheusi, na ukikiinua kimoja kwenye mwanga utaona kina tundu jembamba tangu ncha hadi ncha, kama bomba. Tundu hilo ndilo linaloipa mashine saa yake. Ndani ya chemba kanieneo hupanda hadi mara 3,400 hivi ya ile ya hewa tunayovuta, na Vieille ndiye aliyeonyesha kwamba inavyozidi kupanda ndivyo baruti inavyozidi kuungua haraka. Wakati huohuo kichwa cha risasi kinakimbia mbele na kuipanulia gesi nafasi. Unene wa ukuta wa kile kibomba, pamoja na dawa ya kupunguza kasi inayopakwa juu yake, huamua kilele cha kanieneo kitatokea wapi na mkia wake utafika wapi. Baruti mbili zinaweza kukipa kichwa kilekile cha risasi kasi ileile mdomoni mwa mtutu, na bado zikatofautiana sana tunduni. Ya haraka humaliza kazi mapema, kilele chake kikiwa juu na mkia wake mfupi. Ya polepole hufika tunduni ikiwa bado na nguvu nyingi, ikapiga ile fimbo ndefu kwa kani isiyotakiwa. Fimbo za Garand zimepindishwa kwa njia hiyo. Iliyokaa katikati ni ile ambayo Du Pont waliiita IMR 4895, iliyotumika katika risasi za jeshi wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Baada ya vita Bruce Hodgdon wa Kansas alinunua akiba ya serikali ya baruti hiyo na kuwauzia raia, na mazoea ya kujaza risasi nyumbani yakapata nguvu mpya. Wenye Garand wangali wanaitumia.

Anayedhani nayakuza mambo aisome habari ya M16 huko Vietnam. Bunduki hiyo, ambayo gesi yake hupitia bomba jembamba hadi kwenye bolti, ilikuwa imeendelezwa kwa baruti ya vijiti. Katika mwaka 1964 jeshi likaruhusu baruti ya vidonge vya mviringo iitwayo WC 846. Kasi ya kichwa cha risasi haikuwa tatizo. Kwa kipimo hicho baruti hizo zilikuwa sawa. Lakini kanieneo tunduni ilikuwa kubwa zaidi, bolti ikaanza kwenda na kurudi kwa haraka kuliko ilivyokusudiwa, na bunduki zikakwama mikononi mwa askari. Kamati ndogo ya Bunge la Marekani chini ya Richard Ichord ililichunguza jambo hilo na kutoa taarifa yake mwaka 1967. Kweli, kulikuwa na sababu nyingine: chemba hazikuwa zimepakwa kromu, na vifaa vya kusafishia vilikuwa haba. Hata hivyo, mojawapo ya tiba ilikuwa kuweka kizibo kizito zaidi cha kupokea kishindo cha bolti ili kuipunguzia kasi, na hakuna anayeagiza kizibo kizito kutibu uchafu. Baruti ilikuwa imebadilishwa bila kubadilisha mashine, kisha mashine ikalazimika kuifuata.

Mtetezi wa mizani atasema hayo ni ya kufanya bunduki ifanye kazi, ila shabaha ni jambo jingine, na shabaha hutaka uzito uleule kila risasi. Tupige hesabu. Kichwa cha risasi chenye gramu 11 hivi, kikianza na kasi ya mita 790 kwa sekunde, kikipungukiwa na mita 3 kwa sekunde hushuka takriban sentimita 2.5 zaidi kwenye umbali wa yadi 600. Duara la alama 10 katika umbali huo lina upana wa sentimita 30, na duara dogo la ndani yake, la kuamulia sare, sentimita 15. Ili kupata tofauti hiyo ya mita 3 unahitaji kukosea kwa miligramu kumi hivi za baruti, na chembe moja ina uzito wa miligramu moja au mbili. Kwa maneno mengine, anayehamisha chembe moja kwa kibano anabishania milimita chache kwenye karatasi iliyo zaidi ya nusu kilomita mbele yake. Upepo mwepesi usioonekana kwenye bendera humnyang'anya zaidi ya hizo.

Wako pia wanaochukua ushauri wa bunduki za kufunga bolti kwa mkono na kuuleta huku kama ulivyo. Kwao ganda linaloikaba chemba ni fahari, na si kosa, kwa sababu mkono unaweza kulisukuma. Springi haina mkono huo. Bega la ganda lazima lirudishwe nyuma kama sehemu moja ya kumi ya milimita ili bolti ifunge yenyewe kila mara. Likirudishwa mno, shaba hutanuka kila inapofyatuliwa na mwishowe hupasuka karibu na kitako. Na kuna fataki, ile ya kitakoni mwa ganda inayowasha baruti. Pini ya kufyatulia ya Garand haina springi ya kuizuia, hivyo bolti inapojifunga pini huigusa fataki kidogo. Risasi iliyoingizwa chemba kisha ikatolewa bila kufyatuliwa huwa na kijishimo hafifu katikati ya fataki yake. Fataki iliyochomoza juu ya kitako cha ganda inaweza kuwaka kwa mguso huo, bolti ikiwa haijajifunga sawasawa, usoni pa mtu. Vipimo vya baruti kwa kila bunduki na kila kichwa cha risasi vimo katika vitabu vya watengenezaji wa baruti wenyewe, na si vya kubahatisha. Mshindani mwenye saa moja tu ya maandalizi aitumie kupitisha kidole juu ya kila fataki na kupima bega la kila ganda. Mizani yake ya kawaida inatosha.