Nani Mtunzi wa Kanga? Akili Mnemba, Usanifu wa Nguo na Haki ya Ubunifu

Makala hii inachunguza namna programu za akili mnemba, au akili unde kama inavyoitwa pia, zinavyobadili maana ya ubunifu katika usanifu. Mfano ulioteuliwa ni kanga, ambayo Mombasa na Lamu huitwa leso, kwa kuwa ni nguo ambayo picha na lugha hukamilishana.

Kanga ina sehemu tatu: pindo linaloizunguka pande zote, mji ulio katikati, na jina, yaani usemi unaochapwa juu ya pindo la chini. Ilianza katika karne ya 19. Majina yaliongezwa baadaye, kwanza kwa hati za Kiarabu, kisha kwa za Kilatini. Kwa miaka mingi kanga zilichapwa Uholanzi, Uingereza, Japani na India, kabla ya viwanda kama Urafiki cha Dar es Salaam kuanza kuzitengeneza. Hivyo basi, hoja kwamba mashine ya kigeni inaivamia sanaa safi ya wenyeji haina mashiko. Mashine ya kigeni imekuwamo tangu zamani. Kilichobaki pwani ni jina. Wafanyabiashara wa Mombasa, mfano Kaderdina Hajee Essak ambaye kanga zake hutambulika kwa alama ya “Mali ya Abdulla”, waliagiza nguo ng’ambo, lakini semi zilitoka katika vinywa vya watu wa hapa, hasa wanawake.

Programu zinazozalisha picha hujifunza kutokana na jozi za picha na maelezo yake. Hazina ya LAION-5B, iliyotolewa mwaka 2022, ilikuwa na jozi bilioni 5.85, na takribani bilioni 2.3 kati yake zilikuwa na maelezo ya Kiingereza. Programu huweza kujifunza humo kwamba kanga ina rangi kali, pindo na korosho katika pembe za mji. Haijifunzi kwa nini mwanamke huinunua kanga fulani akaivaa mbele ya jirani fulani, siku fulani, bila kutamka neno. Programu za awali zilijaza nafasi ya jina kwa herufi zisizosomeka. Za sasa huandika vizuri zaidi, ila hati iliyonyooka si fumbo: jina la kanga hupata makali yake kwa anayelengwa kujua kuwa analengwa.

Hapa ndipo sheria inapoingia. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inamtambua kuwa mtunzi wa kazi iliyozalishwa na kompyuta yule aliyefanya maandalizi yaliyohitajika ili kazi hiyo ipatikane. Marekani imefuata njia tofauti: mwaka 2023 mahakama ya shirikisho iliamua kwamba kazi isiyo na mtunzi binadamu haipati hakimiliki. Kwa tafsiri ya Kenya, aliyeandika agizo la sentensi moja anaweza kudai utunzi wa kanga ambayo mtindo wake ni wa vizazi vingi. Ni kweli kwamba Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Semi za Kitamaduni ya mwaka 2016 inailinda jamii, lakini jamii gani? Kanga ni ya Mombasa, ya Unguja, ya Dar es Salaam, na hata Kigoma. Mpaka wa nchi hauikati.

Kwa maoni ya mwandishi, ulinzi wa mapambo pekee hautafaa, kwa kuwa mapambo yamekuwa yakinakiliwa tangu enzi za viwanda vya Uholanzi. Linalohitaji kulindwa kwanza ni jina, pamoja na mahali, mwaka na mazingira ya matumizi yake. Makumbusho na taasisi za Kiswahili za nchi jirani zinaweza kuwa na daftari moja la pamoja la majina hayo, na mbunifu atakayetumia programu akatakiwa kutaja jina alikolitoa. Wasusi wa semi hizo, ambao wengi ni wazee, wangali wanaweza kuulizwa.