Umepoa Kiroho? Kweli na Uongo Kuhusu Kukaa Karibu na Mungu

Makanisani mwetu kuna hukumu inayotolewa upesi kuliko nyingine zote: "Fulani amepoa." Hakuonekana kwenye mkesha, ameacha kwaya, akiombewa hatetemeki, basi amepoa. Ubaya ni kwamba wanaohukumiwa hivyo wengi huamini, na hata kidogo walichokuwa wamebaki nacho wanakiacha. Hebu tuyapime baadhi ya maneno tunayoambiana kuhusu Mkristo na Mungu wake katika siku za kawaida, zile za foleni, za kodi ya nyumba na za mtoto mwenye homa.

"Usipousikia uwepo wa Mungu moyoni, ujue ameondoka."

Uongo, na sijui mwingine ulioumiza watu kama huu.

Fungua Zaburi ya 88. Mwombaji analia mchana na usiku, anauliza kwa nini Mungu amemficha uso wake, na zaburi inaishia gizani bila faraja yoyote. Walioikusanya Zaburi hawakuiondoa wala kuibandika mwisho mtamu. Waliihesabu kuwa sala, kwa sababu mtu anayemlilia Mungu gizani bado anazungumza naye.

Au mtazame Elia katika 1 Wafalme 19. Moto umetoka kushuka Karmeli mbele ya taifa zima, kisha tishio la Yezebeli linamkimbiza jangwani, anaketi chini ya mretemu na kuomba afe. Kwa vipimo vyetu huyo amepoa kabisa. Mungu hakumkemea. Alimtumia malaika mwenye mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena. Mazungumzo yalikuja baadaye, Horebu, mwili ukiwa umepata nguvu. Wachungaji na wazee wa kanisa wangeisoma sura hii polepole. Mama anayenyonyesha usiku kucha, au mlinzi anayetoka zamu alfajiri na kupitiliza ibadani, huenda anahitaji usingizi kabla ya maombezi. Na yule ambaye kwa miezi haoni raha katika jambo lolote, hali wala halali, pengine ana sonona. Aombewe, na apelekwe hospitali.

Mama Teresa wa Kolkata alifariki mwaka 1997. Barua zake zilipochapishwa mwaka 2007, ulimwengu ulishangaa kusoma kwamba kwa karibu miaka 50 alisali bila kuonja ile faraja aliyoijua mwanzoni. Aliendelea kusali na kuosha vidonda vya maskini. Mwaka 2016 Kanisa Katoliki lilimtangaza mtakatifu. Nani angethubutu kumwambia amepoa?

Furaha ya ibada ni zawadi, na ikija tuipokee kwa shukrani. Kuifanya kipimo cha imani ya mtu ni kumbebesha mzigo ambao Maandiko hayakumbebesha.

"Maombi marefu na ya sauti kubwa ndiyo yanayofika."

Uongo. Hana aliomba pale Shilo midomo ikicheza tu, sauti haisikiki, hata kuhani Eli akamdhania mlevi. Ombi hilo ndilo lililomleta Samweli. Nehemia, mfalme alipomuuliza anataka nini, aliomba papo hapo kabla ya kujibu. Maombi yake yalichukua muda wa kuvuta pumzi. Naye Mtakatifu Benedikto, katika kanuni aliyowaandikia watawa wake karne ya 6, aliagiza kwamba sala iwe fupi na safi, isipokuwa Roho wa Mungu mwenyewe akiirefusha.

Mkesha wenyewe hauna kosa. Yesu alikesha mlimani akiomba kabla ya kuwachagua mitume 12. Kosa linaanza pale tunapohesabu saa za jirani.

"Shughuli za dunia zinamtenga mtu na Mungu."

Uongo kwa sehemu kubwa. Karne ya 17 huko Paris, katika nyumba ya Wakarmeli, aliishi bruda mmoja aliyeitwa Lawrence. Alikuwa askari zamani, akapangiwa jikoni, kazi ambayo kwa asili yake hakuipenda. Humo humo kati ya masufuria alijizoeza kuongea na Mungu kwa maneno machache, tena na tena, hadi saa ya kazi na saa ya sala zikawa kwake kitu kimoja. Alikufa mwaka 1691, na mazungumzo na barua zake zinasomwa hadi leo na Wakristo wa madhehebu mengi.

Benedikto naye, katika sura ya 31 ya kanuni ile, anamtaka mtunza stoo aviangalie vyombo vyote vya nyumba kama vyombo vitakatifu vya altare. Jembe na ndoo vihesabiwe pamoja na kikombe cha Misa! Wabenedikto waliofika Peramiho mwaka 1898 na Ndanda mwaka 1906 walikuja na kanuni hiyo, na ndiyo sababu kwenye abasia hizo mtu hukuta hospitali, karakana na mashine za kuchapa karibu na kanisa. Kengele ikilia wanaenda kusali, kisha wanarudi kazini.

Dereva wa bodaboda, muuza mbogamboga, karani wa halmashauri: wote wanaweza kusema "Bwana, nisaidie niwe mkweli kwa huyu mteja" na kuendelea na kazi. Kazi inayomtenga mtu na Mungu ni ile ya mizani iliyochezewa na risiti ya uongo.

"Bila saa maalumu ya kuomba, utachoka mapema."

Kweli. Anayengoja apate nafasi haipati. Danieli alikuwa mtumishi mkubwa wa serikali Babeli, mwenye shughuli nyingi kuliko wengi wetu, lakini alipiga magoti mara tatu kwa siku, na marufuku ya mfalme haikubadilisha ratiba yake. Wakatoliki wanaosali Malaika wa Bwana asubuhi, mchana na jioni wanashika mwendo wa namna hiyo.

Ila anza na kiasi utakachokiweza. Kila Januari wengi huapa kuimaliza Biblia kwa mwaka, yaani sura tatu au nne kila siku, na wakikwama kwenye Walawi wanajiona wameshindwa imani. Soma Injili ya Marko, sura moja kwa siku. Ina sura 16.

"Mimi na Mungu wangu tunatosha."

Uongo, ingawa ninawaelewa wanaosema hivi. Wengine waliumizwa kanisani, wakasengenywa au wakachangishwa hadi wakaaibika. Maumivu hayo ni ya kweli na kanisa lina deni kwao. Hata hivyo imani ya mtu peke yake hukosa wa kuiamsha inaposinzia. Uamsho wa Afrika Mashariki, uliowaka Gahini nchini Rwanda miaka ya 1930 na kuenea hadi Uganda, Kenya na Tanganyika, ulisimama juu ya vikundi vidogo vya watu waliokutana mara kwa mara, wakaungama wazi na kusameheana. Jumuiya ndogondogo za Kikatoliki nazo husali nyumba kwa nyumba, na siku ya msiba ndizo za kwanza kufika zikiwa na unga na kuni. Kama kanisa kubwa limekuchosha, tafuta watu wawili watatu mnaoaminiana.

"Ukianguka, jisafishe kwanza ndipo uombe."

Uongo. Mtoza ushuru katika Luka 18 alisimama mbali, akajipiga kifua, akaomba rehema kwa sentensi moja, akarudi nyumbani amehesabiwa haki. Petro alimkana Bwana mara tatu. Baada ya ufufuo Yesu ndiye aliyemtangulia ufukweni, akawasha makaa, akaoka samaki, akamwita ale. Dhambi iungamwe, mali ya watu irudishwe, lakini anayesubiri awe safi kabla ya kumkaribia Mungu atasubiri maisha yake yote.

Basi wewe uliyekaa miezi bila kuomba kwa sababu uliambiwa umepoa: omba leo, kabla hujalala, hata kama ni kwa sentensi moja, na kesho uombe tena.